Asali Iliyoyeyuka

Binti yangu alikuwa ananimaliza. Wiki moja alichanganya siki na magadi kwenye sufuria yangu ya wali, povu likafurika mpaka kwenye mkeka. Wiki iliyofuata akazika viatu vya baba yake uani, eti aone vitaoza baada ya siku ngapi. "Mwalimu wa sayansi kasema tujaribu, mama." Nikamwambia huyo mwalimu aje afue mkeka.

Siku ile natoka sokoni, nakuta bilauri zangu za wageni zimepangwa sakafuni zina maji, sakafu inanata, sisimizi wameshapata habari. Pembeni, chupa tatu za asali yangu ya kuuza ziko wazi. Jamani! Nikashika mwiko.

"Mama, nisikilize kwanza! Asali safi ukiitia majini inazama nzima. Hii yetu inayeyuka. Yule babu wa Usinge anatuchakachulia!"

Nikaushusha mwiko. Babu huyo alikuwa ananiletea asali miaka yote, safi kama ilivyotoka mzingani. Shira ya sukari nilikuwa naichemsha na kuitia mimi mwenyewe, mtoto akiwa shule. Ningeweza kunyamaza tu. Badala yake nikamjibu, "Watu wa siku hizi, mwanangu, hawaaminiki." Haki ya Mungu, wala ulimi haukuniuma.

Jumamosi mzee akaja kwetu Chemchem, akashusha ndoo barazani, vumbi limemjaa hadi kwenye nyusi. Binti yangu akamtazama tu.

"Huna adabu? Mwamkie babu!"

"Simwamkii. Anachakachua asali."

Nilitamani ardhi ipasuke. Mzee hakukasirika, ila uso ulimshuka. Akaomba bilauri ya maji, akachota asali kwenye ndoo yake kwa kijiko, akaidondosha. Ikazama nzima, ikatulia chini. Binti yangu akainama kuitazama. Kisha akageukia chupa zangu pale dirishani. Kisha akaniangalia mimi.

Alikuwa ameshajua. Ana miaka kumi na moja na si mjinga, na asali ile ilipita mikononi mwa watu wawili tu kabla ya kufika chupani. Nusu yangu ilitaka aseme yaishe. Nusu nyingine ilimwomba kwa macho anyamaze, na najua aliyaona macho yale.

Akapiga goti mbele ya mzee.

"Shikamoo, babu. Nisamehe. Nilikosea kupima. Maji yangu yalikuwa ya moto."

"Marahaba, mjukuu wangu. Yameisha."

Yalikuwa maji ya mtungini, baridi, na mimi na binti yangu tulijua. Mzee akamshika kichwa, akanigeukia, akingoja na mimi niseme neno. Nikalisema.

"Umeona sasa? Siku nyingine usimsingizie mtu."

Akaitikia, "Ndiyo, mama."