Mama wa Kitunguu Swaumu

Jirani yangu hapa Same mjini akitwanga kitunguu swaumu, mtaa mzima unajua, na nadhani hata abiria wa mabasi yanayopita barabara kuu wanageuza shingo. Harufu ile haibishi hodi. Inaingia, inavuta kiti, inakaa. Mimi humtania juu ya ukuta: "Mama Zawadi, leo umeamua kufukuza mbu mpaka wa kule Kisiwani!" Tunacheka. Kisha narudi ndani na kukaa kidogo ukingoni mwa kitanda, kwa sababu harufu hiyo haijawahi kuniacha salama.

Nilikulia Mamba, juu milimani, nchi ya tangawizi. Naomba mniamini: tulikunywa tangawizi, tuliuza tangawizi, tulichapwa kwa kukanyaga tangawizi, na nashuku hata machozi yetu yaliwasha. Na baridi ya Julai je? Jogoo alifungua mdomo kuwika alfajiri, sauti ikagandia hewani, tukaja kuisikia saa nne jua lilipotoka.

Baba yangu alikuwa bwana wa tangawizi. Kwetu, kile kipande unachofukia ardhini kama mbegu huitwa mama. Watoto wakishachipua na kupata nguvu, unaingiza vidole taratibu ubavuni mwa shina, unampapasa mama, unamvunja, unamtoa ukamtumia, halafu unarudishia udongo. Shina wala halishtuki. "Mama hutolewa, watoto wakanenepa," Baba alipenda kusema, nami nikaamini kuwa hiyo ndiyo sheria ya kila kinachoota duniani.

Kitunguu swaumu kililetwa na mama yangu. Ilikuwa masika yanakatika, mwaka ule alioanza kukonda. Alituita mimi na mdogo wangu Elihuruma, akatugawia punje, tukazichomeka kwenye tuta nyuma ya jiko, ncha juu. Kila baada ya punje chache alisimama, mkono kiunoni, akijifanya anatazama mawingu. Baba akapita na jembe begani.

"Mama Namsifu, hivyo ni vya watu wa Mbulu. Hapa vitakufa na baridi."

"Vinapenda baridi, Baba Namsifu. Asiyeipenda ni wewe."

Kisha akanigeukia mimi, Namsifu mwenyewe. "Majani yakikauka tutang'oa sote. Nitakufundisha kuvisuka kama nywele zako."

Hilo ndilo nililolishika. Kipupwe kilipoingia Mama alipelekwa hospitali, chini kabisa, mbali na ukungu wetu. Watu waliponyamaza nikiingia, mimi sikuwa na wasiwasi, maana nilikuwa na ahadi: majani yakikauka, atakuwepo. Kila asubuhi nilikwenda nyuma ya jiko, miguu imekufa ganzi, kuyakagua. Yalikuwa mabichi, yamesimama wima kama askari, yakinikera. Nadhani katika Upare mzima ni mimi peke yangu niliyekuwa nikiomba mazao yanyauke.

Siku moja ikaja habari kwamba Mama ana hamu ya kuonja kitunguu chake. Baba akafurahi kama mtu aliyeambiwa mkewe amepona. "Hatung'oi," akaniambia. "Tutamtoa mama tumpelekee, watoto waendelee." Akapiga magoti na suruali yake ya safari, akaingiza vidole ubavuni mwa shina la kwanza. Akapapasa. Akahamia la pili. Akaenda hivyo mpaka mwisho wa tuta, na kilichotoka kilikuwa ganda jembamba tu, kama karatasi, limenata kwenye ukucha wake. Mwishowe akang'oa shina moja zima. Chini kulikuwa na kitunguu kichanga, cheupe, hakijagawanyika hata punje.

"Mama yake yuko wapi?" nikauliza.

 Baba, mtu ambaye hakuwahi kukalia benchi la kanisa kabla ya kulifuta kwa leso, alikaa kwenye tope, akaliangalia lile ganda.

Tulishuka na lori la magunia. Mama alikuwa amelala, amekuwa mdogo kama mimi.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba, mwanangu. Mbona unanuka tangawizi hivyo, wamekupakia ndani ya gunia?" Akacheka. Baba akampa kitunguu. "Kichanga hivi? Mimi nilijua bwana tangawizi ataniletea mama."

"Hayupo," Baba akasema. "Nimepapasa tuta zima."

"Umepapasa vizuri?"

"Hayupo, Mama Namsifu."

Mama akakigeuzageuza, akakinusa. "Na watoto?"

"Wananenepa."

"Basi usiwachimbechimbe tena."

Nikaona wazee hawa wamejisahau katika mambo ya kilimo, nami nina habari kubwa. Nikadakia: "Mama, ncha za majani zimeanza kuwa njano!"

Akanishika shavu kwa vidole vyenye harufu ile. "Njano tayari?"

"Ndiyo!"

"Hongera, mwanangu," akasema.

Tulimzika majani yakiwa bado nusu mabichi. Yalikauka baadaye, bila haraka, tukang'oa watatu sisi. Vilikuwa vinene, na hapa siongezi chumvi. Baba alijaribu kuvisuka. Kila alipofika katikati vilifumuka, akaanza upya, na sisi hatukumsaidia kwa kuwa hakuna aliyekuwa amefundishwa.

Shule nimeimalizia ukubwani, masomo ya jioni, nikitoka kazini. Jioni moja mwalimu wa baiolojia, kijana ninayemzidi umri, alichora kitunguu swaumu ubaoni. Akasema punje unayopanda ndiyo chakula cha kwanza cha mmea. Huliwa kidogo kidogo na wale inaowaotesha, mpaka libaki ganda. Wenzangu wakanakili. Mimi nikaliona tope, na suruali ya safari, na ukucha wa Baba. Nikawasikia tena wale wawili, Baba na Mama, wakiagana mbele yangu, nami nimesimama katikati yao, nikitangaza njano kwa furaha.

Mwalimu akauliza kulikoni. Nikamwambia ni vumbi la chaki limeniingia machoni. Nami nilikuwa nimekaa benchi la mwisho kabisa, karibu na mlango.