Dirisha la Kushoto

Niliingia Tabora nikiwa nimepakata mazabodi. Nyuma yangu kulikuwa na safari ndefu ya treni ya zamani kutoka Dar es Salaam, na njia nzima sikuuweka ule mzigo sakafuni wala kwenye kichanja cha juu. Tulipofika Saranda nikanunua kuku, nikamwomba mama mmoja wa siti ya mbele anishikie boksi ninawe.

"Kuna nini humu, mwanangu?"

"Ubao wa kompyuta, mama. Ule mkubwa, ambao vipande vingine vyote huchomekwa juu yake."

Nilipomaliza kula alinirudishia kwa mikono miwili, kama anarudisha yai la kuazima.

Mzigo ule ungeweza kusafiri kwa basi bila mimi. Mwenyewe ndiye aliyekataa. Alikuwa dereva wa treni mstaafu wa Tabora, na alipiga simu kwenye duka la Kariakoo nilikokuwa fundi, akitaka mazabodi yenye nafasi mbili ndefu za kuchomekea kadi za picha, na kadi ya pili ya kuongeza kwenye ile aliyokuwa nayo. "Kwa basi hapana," alisema. "Basi linaruka matuta. Lete kwa treni, na uje uifunge wewe mwenyewe." Mwenye duka alicheka. Mimi nilikwenda kufunga begi. Nilikuwa nimevuka arobaini, na tangu nimalize kidato cha nne sijawahi kukaa mahali mpaka mwembe nilioupanda ukazaa. Dar nilikuwa na mwaka wa pili tayari.

Alikuwa amesimama stesheni, shati limepigwa pasi.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Mmekaa sana Igalula. Mlikuwa mnapishana na treni ya mizigo?"

Habari za safari yangu hakuuliza. Za treni aliuliza zote.

Nyumba yake na mkewe ilikuwa mtaa wa Ng'ambo, ya matofali ya udongo yenye kuta nene, na chumba cha nyuma kilikuwa na ubaridi hata saa saba mchana. Humo alikuwa ametengeneza chumba cha dereva. Kiti kilitoka kwenye lori bovu, na mbele yake zilisimama skrini tatu: ya katikati kioo cha mbele, za pembeni madirisha ya kulia na kushoto. Iliyowaka ilikuwa ya katikati tu.

Gemu yake ilikuwa ya kuendesha treni, na ilimruhusu mchezaji kujijengea njia yake. Kwa miaka miwili alikuwa anajenga reli ya kutoka Goweko hadi Tabora, kupitia Igalula. Kila mti aliupanda kwa mkono wake, mmoja mmoja, miyombo na mininga. Nilipoiwasha mashine, picha zilikwenda kwa kushtuka kama mtu mwenye kwikwi.

"Mzee, miti ni mingi mno. Tukipunguza kidogo, hata kadi hii moja itavuta."

"Tukipunguza," alisema, "itakuwa Dodoma."

Kisha akafunga mlango akanieleza. Mke wake alizaliwa Igalula, kwenye nyumba iliyokuwa kando ya reli. Wakati wa ujana wao kila mume akipita na treni alipiga honi mbili fupi, na binti yule akatoka uani kutazama. Walipooana, mke aliomba kitu kimoja: apande kichwa cha treni siku moja, aone alichokuwa anaona mumewe. Sheria za kazi zilikataza. Mume akaahidi: nikistaafu. Alipostaafu shirika la reli likampa cheti na saa ya ukutani, na kichwa cha treni likabaki nacho.

"Ile nyumba nimeijenga humu," alisema akigusa skrini iliyozimika. "Lakini iko kushoto. Kwenye kioo cha mbele haionekani. Ndiyo maana nataka dirisha la kushoto. Usimwambie."

Mke hakuhitaji kuambiwa lolote, maana alikuwa na lake. Aliuza asali, na chumba kile kilikuwa stoo yake kabla ya treni kuingia. Aliponiletea uji alinikaribisha vizuri, akaniuliza kwetu ni wapi, akasema:

"Fundi, asali yangu inatoka Usinge wiki ijayo. Ikifika, chumba ni changu. Baba watoto anajua."

"Najua," alisema mzee.

"Namwambia fundi ili naye ajue."

Kazi nilianza siku hiyohiyo. Mazabodi ya zamani ilikuwa na nafasi ndefu moja tu, kwa hiyo kadi moja, na kadi yenyewe ilikuwa imebaki na tundu moja tu zima la kutolea picha. Nikahamisha prosesa kwenye mazabodi mpya, nikaipaka upya dawa ya kupitisha joto, nikapanga rami za kumbukumbu, nikachomeka kadi mbili, moja juu ya nyingine. Ila mazabodi mpya ilikuwa kubwa kuliko boksi la chuma la mashine ya zamani. Mzee alifurahi. Alikuwa ameshaliona hilo kwenye vipimo, na alikuwa amechonga sanduku la mninga, limekaa kama kasha la harusi, mfuniko umebana hata vumbi la Tabora lisipate pa kupenya. Nilitoboa ubavuni nikafunga feni nne, zote zinapuliza ndani. Niliamini kitu cha moto hupulizwa.

Tukawasha. Madirisha yote matatu yakajaa pori. Mzee alishika wenzo, miyombo ikaanza kupita kulia na kushoto, na mimi, ambaye nimefunga kompyuta nyingi maishani, nilijikuta nimeshika ukingo wa meza kama nitaanguka. Tulikwenda hivyo kama dakika kumi. Tulipoikaribia taa ya ishara ya kuingilia Igalula, vyote vikawa vyeusi.

Niliingiza mkono sandukuni. Kadi ya juu haikushikika.

Siku nne tulikufa palepale. Nilibadilisha waya, nikapunguza kasi, nikaongeza feni ya tano ya kupuliza ndani, na hapo tukafa mapema zaidi. Mke aliposikia kimya akachungulia mlangoni.

"Treni imeharibika tena?"

"Inapishana," alijibu mzee.

"Na nani?"

Mzee akaanza kufuta kioo cha katikati. Mimi nilitazama ukuta nisicheke.

Siku ya tano asali ikafika. Mrina asali alikuwa mtu mrefu, mpole, ameleta ndoo zake juu ya guta la magurudumu matatu. Alisimama mlangoni mwa chumba cha nyuma, ndoo moja mkononi, akatusalimu, "Mwangaluka," akabaki anatutazama tulivyokuwa tumeinama juu ya sanduku kama tunaosha maiti. Mke alikuwa nyuma yake. Mzee alianza kukunja waya zake mwenyewe, polepole. Hilo ndilo lililoniuma, kwamba hakubisha.

"Linachemka?" aliuliza mrina asali.

"Linachemka," nikasema.

Akaweka ndoo chini, akapitisha kiganja juu ya mfuniko, kisha ubavuni kwenye feni.

"Upepo unaingia huku na huku. Unatokea wapi?"

Nikazihesabu feni: zote tano zinapuliza ndani.

"Ujana wangu nilikuwa Urambo, nakausha tumbaku," alisema. "Bani, ile nyumba ya kukaushia, lina tundu chini na tundu juu. La chini linaingiza, la juu linatoa. Mwaka wa kwanza mimi niliziba la juu, nikidhani natunza moto. Tumbaku ilipikwa kama mchicha. Bosi alinifukuza hadi barabarani." Akagonga mfuniko. "Hapa mmeziba la juu, mnapika mboga."

Mzee alilitazama sanduku lake la mninga, lile alilolichonga kwa wiki kadhaa na kulipaka vanishi mara tatu. Akatoka nje. Alirudi na msumeno wa tundu, akakata mfuniko mwenyewe, matundu mawili makubwa, vumbi jekundu la mninga likimwagika kwenye viatu vyake. Nikahamishia feni mbili juu, nikazigeuza zivute hewa nje. Moja nikaiacha chini ipulize ndani. Nyingine nilizitoa kabisa.

"Mama watoto," mzee aliita, "njoo ukae."

"Asali yangu je?"

"Itakaa uani dakika ishirini. Haina miguu."

Mke akakaa kwenye kigoda kando ya kiti cha lori. Mrina asali na mimi tulisimama ukutani. Treni ikaondoka Goweko. Mke aliuliza kile nini, hiki nini, kwa sauti ya mtu anayepitisha muda. Tukaifikia taa ya ishara. Nikapeleka kiganja juu ya mfuniko: hewa ya moto ilikuwa inatoka, inatoka vizuri. Tukaipita taa.

"Tazama kushoto," alisema mzee, akapiga honi mbili fupi.

Kwenye dirisha la kushoto ikaja nyumba ndogo ya bati, uani kasimama mwanamke mwenye kanga, kiganja juu ya macho. Ikapita.

Mke aliifuata kwa shingo mpaka ukingo wa kioo. Halafu akasema, "Rudisha nyuma."

"Treni hairudishwi hivyo, mke wangu. Nyuma kuna ishara."

"Hii itarudi."

Ikarudi. Alisogea hadi pua yake ikakaribia kioo.

"Kanga ilikuwa ya njano. Umenivisha bluu. Na mkwaju uko wapi?"

"Mkwaju gani?"

"Uliokuwa mlangoni. Mkubwa vile. Miaka yote hiyo unapita, hukuuona mkwaju?"

"Nilikuwa naangalia mkwaju mimi?"

Mrina asali alikohoa akatazama dari. Mke alicheka mpaka akajifuta macho kwa ncha ya ushungi, kisha akageuka kwetu kama mwenye ghadhabu. "Mmesimama nini? Hizo ndoo pelekeni uvunguni mwa kitanda changu. Na mzunguke nyuma, hapa dereva yuko kazini."

Nilikaa Tabora miezi minane, nikitengeneza simu na redio sokoni. Mji ule umezoea wapitaji. Tangu enzi za misafara watu wametua mizigo yao pale, wakapumzika, wakajitwika tena, na hakuna anayekuuliza kwa nini unaondoka. Jioni nyingi nilipanda treni ya chumba cha nyuma. Mke alikuwa sasa anapiga honi mwenyewe, na ubishi wa mkwaju haukuisha: mume alishikilia kwamba haukuwapo, mke kwamba ulikuwapo na ungalipo.

Siku niliyoondoka moja kwa moja, kwenda Mtwara, walinisindikiza stesheni wote wawili. Mke alinipa chupa ya asali. Mzee alinipa kazi. "Ukifika Igalula kaa upande wa kulia. Uangalie, unipigie."

Nikakaa kulia. Nyumba haikuwapo tena, ulibaki msingi na mihogo ya mtu. Lakini mbele ya ule msingi, umetandaza kivuli hadi karibu na reli, ulisimama mkwaju mkubwa kuliko alivyousema mke. Nikapiga simu.

"Mzee, upo."

Nikasikia mke akicheka kwa nyuma, na mzee akivuta pumzi.

"Sawa," alisema. "Kesho naupanda."

Treni ikapiga honi ya kuondoka, ndefu. Mzee aliisikiliza simuni mpaka ikaisha.

"Huyo dereva wenu," akasema mzee, "hana mtu Igalula."