Daktari Mumbua aliyenifundisha kunyamaza

Kutoka Lafey hadi Sangailu hakuna mkalimani kama mimi, na kama yuko ajitokeze tumwone. Shule niliacha Form Two, lakini madaktari wa Nairobi walikuwa wananingoja nifungue mdomo ndio wajue mgonjwa amesema nini.

Aliyenipa hiyo kazi ni Daktari Mumbua. Jana asubuhi moyo wake ulisimama, hivyo tu. Nimeambiwa mara tatu na kichwa bado kinakataa.

Alikuja Garissa kutoka Machakos bila neno moja la Kisomali, na research mbili mkononi. Moja ya maabara: seli za saratani ya koo zinavyopashana habari. Nyingine ya wodini: mgonjwa na daktari wachague matibabu pamoja, si daktari kuamuru.

Siku ya kwanza, tukinywa chai ya maziwa ya ngamia mtaani Galbet, nikamuuliza seli inaongeaje na haina mdomo.

"Zinatumiana ujumbe, Abdi. Gawanyika. Simama. Seli ya saratani imekwama, inasikia 'gawanyika' hata kama hakuna aliyesema."

"Aah, kama mjomba wangu harusini. Anasikia 'karibu chakula' na hakuna aliyemkaribisha."

Alicheka mpaka chai ikamwagika. Wiki hiyo hiyo akamtia mjomba kwenye presentation. Ukoo wetu uko kwa sayansi, nyinyi je?

Viti hakuvitaka. Aliketi mkekani na mgonjwa, akaweka picha mbili: njia hii, njia ile, uzuri wake na taabu zake. Halafu, "Kwako wewe, kitu gani ni muhimu?" Kisha kimya.

"Hesabu hadi ishirini kabla hujafungua huo mdomo," aliniambia. Mimi! Wallahi, afadhali kuchimba kisima. Lakini nikifika kumi na tano hivi, mzee aliyekuwa anasema tu "daktari ndiye anajua" alianza kutaja ngamia wake, wajukuu wake, na kile anachoogopa.

"Abdi, unajisifu sana."

"Nisipojisifu, nani atanisifu?"

"Mimi." Na alinisifu, mbele ya wakubwa wake: "Bila huyu kijana sisikii kitu."

Hayo maneno yananichoma tangu jana.

Kuna mama mmoja wa Sangailu, koo limeziba, hata uji haupiti vizuri. Wanawe walinivuta kando: "Walaal, ndugu, usimtajie hooyo wetu saratani. Atakata tamaa." Kwetu mzazi hulindwa hivyo. Basi Daktari akisema saratani, mimi nasema kidonda. Akieleza mionzi ya Nairobi, mimi nasema dawa ya kidonda, ila ni mbali.

Mama akachagua kurudi kwa mifugo yake. Kidonda si hupona?

Daktari akaandika huku anatabasamu: "Umeona, Abdi? Amechagua mwenyewe." Nami nikatabasamu.

Mama tulimzika kabla ya mvua. Baada ya hapo nilikaa na Daktari kila siku ya kazi, na kila siku nikaongea mengine.

Mungu akulaze pema, Daktari wangu. Yule mama hakuchagua. Tulimchagulia, mimi na wanawe, na wewe nikakuacha uondoke ukiamini ulimsikia.