Mume Wangu wa Nyuma ya Pazia

Majina ya watu wote wa hapa Gitothua ninayo kichwani, waliopo na waliokwenda, lakini leo sitataja hata moja. Huyu nitamwita mume wangu, maana ndivyo ninavyomwita. Ni mjukuu wangu. Kwetu kijana wa kwanza hupewa jina la baba wa baba yake, kwa hivyo tangu akiogeshwa kwenye karai amekuwa bwana wa shosho, nyanya yake.

Alitoka jela wakati wa ukungu wa Julai, ule unaofanya miti ya kahawa ionekane kama watu wamesimama. Heroini ndiyo ilimpeleka huko. Nikampeleka kliniki ya Thika, ambako wanaoacha heroini hupewa dawa ya kunywa kila asubuhi. Nesi akanishika mkono.

"Shosho, mwili wake umesahau makali ya heroini. Akirudia kipimo cha zamani hata siku moja, huenda asiamke. Asilale peke yake."

Hapo ndipo pagumu. Kwetu kijana akishatahiriwa hulala nyumba yake. Baba yake alikuwa ameshamjengea chumba cha mabati kule nyuma.

"Mama, mwanaume mzima alale kwa nyanya yake? Watu watacheka."

"Halali kwa nyanya. Analala kwa mke wake. Ama hilo jina mlimpa la nini?"

Mwanangu akaenda kukifunga kile chumba kwa kufuli. Jina ni la baba yake.

Nikatundika pazia katikati ya nyumba yangu, mume wangu akalala kwa kochi upande wa pili. Jirani akaita kutoka kwa ua, "Shosho, tunasikia umeolewa tena!"

"Na pilau hamtakula!"

Asubuhi, kabla sijafungua macho, nilikuwa nasikiliza pumzi yake ikipanda, ikishuka. Saa zingine ilikuwa pumzi ya mzee wangu aliyekufa, na mimi msichana, kahawa imechanua nyeupe hadi mtoni. Halafu anakohoa, narudi uzeeni.

Asubuhi moja sikusikia kitu. Nikamwita kwa lile jina. Nikavuta pazia: blanketi limekunjwa, mlango wazi, ukungu unaingia ndani. Nikakimbia miguu mitupu hadi kile chumba cha mabati. Kufuli iko mahali pake.

Ndipo nikaona moshi jikoni. Alikuwa amechuchumaa, anapuliza moto, majivu hadi kwa nyusi.

"Mke wangu, viatu vyako viko wapi? Kunywa chai twende kliniki mapema."

Nikakaa chini palepale.

"Puliza tena, nisikie."

"Lakini umeshawaka, shosho."

"Wewe puliza tu."