Divai Isiyonuka Gongo

Kazi ya kuandaa Meza ya Bwana katika mtaa wetu wa Ihanda nimeifanya kwa miaka mingi. Ni kufua vitambaa vyeupe, kuvinyoosha kwa pasi ya mkaa, kusugua kikombe kwa majivu laini mpaka king'ae, na kuhakikisha divai ipo. Kanisa letu ni la Kilutheri, dogo. Mchungaji ana mitaa mingi, anatufikia mara chache, na siku nyingine tunaongozwa na mwinjilisti. Kwa hiyo Chakula cha Bwana kwetu si kila Jumapili. Ndiyo maana divai ilitusumbua.

Sikusoma sana. Nilifika darasa la nne, baba akasema inatosha. Lakini watu nawakumbuka kwa majina yao na majina ya baba zao. Hapa sitamtaja hata mmoja, maana karibu wote wapo hai na tunakutana njiani.

Mwanzoni tulikuwa tunanunua divai ya kawaida, ya zabibu za Dodoma. Inafunguliwa, watu wanakunywa, inabaki nusu chupa. Mchungaji harudi mpaka miezi ipite. Akirudi, ile nusu imekuwa siki. Watu walikuwa wanapiga magoti vizuri, wanainuka wamekunja nyuso kama watoto waliopewa dawa ya minyoo. Kununua chupa mpya kila mara, sadaka haikutosha.

Mtunza hazina wetu, mzee mwenye heshima zake, ndiye aliyepata ufumbuzi. Alileta divai kali, ile inayoongezewa spiriti kiwandani. Mwenye duka alimwambia ukiifungua unaweza kukaa nayo mwaka. Na kweli, chupa moja kubwa tulivuka nayo Pasaka tukafika nayo Krismasi. Sadaka ikapumua. Mimi mwenyewe nilimshukuru, sikuona ubaya.

Sasa nieleze habari za dada yangu.

Dada alinitangulia kuzaliwa. Aliolewa Kibingo, upande wa Kyerwa. Mume alipofariki watoto walikuwa wadogo, akaanza kupika gongo. Kwetu gongo inatoka kwenye rubisi, pombe yetu ya ndizi na mtama. Ukiipasha ndani ya pipa na kuukusanya mvuke wake kwenye bomba, kinachodondoka ndiyo gongo. Aliiuza, akasomesha. Na aliinywa. Mpishi lazima aonje, na anayeonja kila siku hajui alianza kunywa lini.

Kanisa likamtenga. Kutengwa kwetu si kufukuzwa. Unaingia ibadani, unaimba, unatoa sadaka, lakini wenzako wakienda mezani unabaki kwenye benchi. Dada alibaki kwenye benchi mpaka watoto wake wote wakaoa na kuolewa.

Aliacha mwenyewe. Pipa alimuuzia fundi wa vyuma, akarudi kujenga kwenye kibanja cha baba, hatua chache kutoka kwangu. Mwaka ule wa kwanza ulikuwa mbaya. Mikono ilimtetemeka hata kushika kisu cha kumenyea ndizi. Nilihamia kwake, nikalala naye chumba kimoja. Siku moja nilimpeleka zahanati kuchomwa sindano, nesi akampaka ile spiriti begani. Dada aliinuka akatoka nje, sindano hakuchomwa. Nilimkuta amekaa kwenye nyasi.

"Harufu ile inaniita," akasema. "Inaniita kwa jina."

Basi miaka ikapita na hakurudi nyuma. Wazee wa kanisa wakakaa, wakakubaliana kwamba mchungaji akija atamrudisha kundini. Nilidhani atafurahi. Alikuja kwangu jioni hiyo, akakaa kwenye kigoda, nikampa chai.

"Hiyo divai yenu nimeinusa," akasema.

"Umeinusia wapi?"

"Midomoni mwa watu. Wakitoka mezani si wanakuja kukaa kando yangu? Ile ni gongo iliyovaa kanzu."

"Dada, usiseme hivyo. Ni damu ya Bwana."

"Mimi najua. Nani ataiambia pua yangu?"

Nikamwambia anaweza kuomba mkate uchovywe tu, kama wanavyofanyiwa wagonjwa. Akaweka kikombe cha chai chini.

"Nimekaa kwenye benchi miaka yote ile, halafu nirudi kwa kuchovya? Nikirudi, nirudi kama watu. Ila kama ni ile ile, mdogo wangu, nitakaa nyumbani. Sitaipeleka mdomoni. Pipa niliuza, lakini bado najua kupika."

Hapo nilielewa. Hakuwa anachagua ladha. Alikuwa anaogopa kwamba tone moja lingemrudisha kule alikotoka, na aibu ya kutokwenda ingewafanya watu waseme amekataa kutubu.

Kesho yake nilimfuata mtunza hazina. Nilimkuta anaanika kahawa.

"Chupa iliyopo haijafika hata nusu," akasema. "Unataka niimwage?"

"Sitaki uimwage. Nataka nyingine kwa siku hiyo."

"Mama, divai ni divai. Tukianza kumchagulia mmoja, kesho mwingine atataka soda."

"Huyo wa soda hakulala na mimi akitetemeka."

Akaendelea kusambaza kahawa kwa mikono. Mwishoni akasema nichukue kitakachopatikana kwenye mnada wa Jumapili, na zaidi ya hapo hana. Mnada wetu ni ule wa baada ya ibada: sadaka za ndizi, mayai au maharage zinanadiwa nje ya kanisa na fedha inaingia kwenye hazina. Jumapili hiyo ilikuwa kabla watu hawajauza kahawa. Mkungu mzuri ulienda kwa bei ya kusikitisha, na jogoo alinunuliwa na yule yule aliyemleta.

Nikapanda bodaboda mpaka Omurushaka nikiwa na kilichopatikana.

Mimi rubisi naijua. Huwezi kununua rubisi bila kuonjeshwa. Mwenye nayo anakuchotea kidogo kwenye kibuyu, hukuipenda, unaaga kwa adabu unakwenda kwa mwingine. Kwenye duka nililoingia divai zilipangwa juu kabisa ya rafu, zimezibwa, maandishi ya Kizungu. Nikamuuliza muuzaji ipi nzuri. Akanionyesha ya bei kubwa.

"Nzuri kwa nini?"

"Bibi, kwa sababu ni ya bei kubwa."

"Wewe umewahi kuionja?"

"Mimi ni Mlokole."

Na mimi nimeokoka. Hata zingekuwa wazi, nisingeonja. Nilitoka nikasimama barabarani, mabasi ya Bukoba yanapita, nikajiuliza wenye fedha kidogo huwa wanafanyaje. Ndipo nikaona kwenye ua wa gesti moja yenye baa, kando ya tangi la maji, kreti za chupa tupu.

Nyumbani ukitaka kujua pombe ya jana ilikuwaje, unanusa kibuyu. Kibuyu hakijui kudanganya. Nikaingia uani, nikainama, nikaanza na chupa ya kwanza.

"Shikamoo bibi." Alikuwa mhudumu, binti mnene mwenye aproni, ameshika ndoo.

"Marahaba mwanangu."

"Unatafuta chupa za samli? Hizo bosi anaziuza."

"Sinunui. Nanusa."

Akaweka ndoo chini. "Unanusa nini na zimeshanywewa? Njoo ndani nikumiminie iliyo nzima."

"Nimeokoka."

"Umeokoka na umeingiza pua kwenye chupa ya baa. Ngoja nimwite mwenzangu aje aone."

Alimwita kweli. Wakacheka wote wawili mpaka mmoja akakaa kwenye kreti. Nikawaacha wacheke, kisha nikawaeleza habari za dada, bila kuficha. Yule mwenye aproni aliacha kucheka. Akasema baba yake alikufa kwa gongo. Akaingia ndani akatoka na chupa zilizonywewa usiku wa jana, akazipanga kwenye saruji, akasema, "Hizi bado zina harufu. Zile za kreti zimeshakufa."

Ya kwanza ilichoma pua, nikaitoa. Ya pili ilinuka sukari, kama juisi ya pakiti, na chini ya ile sukari kulikuwa na ukali umejificha. Nyingine sikuielewa. Halafu nikafika kwenye moja iliyonuka kama maganda ya kahawa mbivu yaliyotolewa siku ile ile, kabla hayajachacha. Nikadondoshea tone la mwisho kwenye kiganja, nikasugua, nikasubiri. Gongo ukiisugua hivyo inaacha ubaridi na harufu inayopanda kichwani. Hii ilikauka ikabaki harufu ya tunda.

"Hii," nikasema.

"Hiyo?" Akashangaa. "Hiyo wateja wanaikataa. Haina sukari. Bosi ameshusha bei na bado haitoki."

Hata hivyo chupa kubwa ya divai hiyo ilizidi nilichokuwa nacho. Nikaanza kufunga leso yangu yenye fedha. Binti akasema kuna ndogo za divai hiyo hiyo, za mgeni anayekula peke yake. Ndogo niliimudu, na nauli ikabaki. Na nilipoishika mkononi nikaona jambo ambalo tungeliona tangu zamani: chupa ndogo ingeisha siku ile ile. Isingebaki ya kugeuka siki. Tulikuwa tunanunua kubwa kwa sababu tulidhani kubwa ndiyo nafuu.

Nilipofika Ihanda, habari zilikuwa zimenitangulia. Mtu wa bodaboda ana mdomo.

"Mama, nasikia ulikuwa baa," mtunza hazina akaniambia.

"Nilikuwa uani."

"Ua wa baa."

"Ua wa baa, ndiyo. Divai hii hapa."

Akaigeuza mkononi. "Haka? Si dawa ya kikohozi haka? Watu watapata nini?"

"Kila mtu atapata tone."

"Isipotosha?"

"Malizia na ile yako. Ila dada apite kabla."

Dada naye alitaka nimfungulie anuse kwanza. Nikakataa. Nikamwambia nikiifungua siku hiyo, Jumapili itakuwa imeharibika na sina ya kununulia nyingine.

"Kwa hiyo niamini pua yako," akasema. "Pua ambayo haijawahi kupika."

"Haijapika. Lakini ilikaa na wewe ule mwaka."

Aliondoka, na mpaka Jumapili asubuhi sikujua kama angekuja.

Alikuja. Alikaa kwenye benchi lake lile lile, gauni limenyooshwa, leso kichwani. Mchungaji alimwita mbele, akamuuliza maswali yanayoulizwa, akajibu kwa sauti ya kusikika mpaka mlangoni. Mchungaji akatangaza kwamba dada yetu amerudi kundini. Watu wakaimba. Kisha ikaja zamu ya meza, na kwa kuwa alikuwa tayari mbele, yeye ndiye aliyepiga magoti wa kwanza.

Mimi nilikuwa nimesimama pembeni na kitambaa cha kufutia kikombe. Mtunza hazina alikuwa upande wa pili na ile chupa yake kubwa, ameificha nyuma ya vitabu vya nyimbo. Dada alipokea mkate. Kikombe kilipomfikia mdomoni, hakufungua mdomo. Alinusa. Mchungaji alidhani hajajiandaa, akakirudisha kidogo. Dada akanusa tena. Niliona mabega yake yakishuka, kama mtu aliyetua mzigo wa kuni. Kisha akashika mkono wa mchungaji, akauvuta, akanywa.

Divai ilitosha kwa shida. Wa mwisho walilowesha midomo tu, na mtunza hazina alinitazama tangu wa kwanza hadi wa mwisho, lakini chupa yake haikutoka nyuma ya vitabu.

Sikwenda kwangu siku hiyo, nilikwenda kwa dada. Tulipika matoke na maharage. Mchana ulipopinda akaanza kutembea kutoka jikoni hadi uani na kurudi. Nikamuuliza kama inamwita.

"Inaita," akasema. "Iko mbali, lakini inaita."

Akachukua kahawa ya kutafuna akaweka mdomoni, akachukua jembe, akaingia kwenye migomba. Jumapili sisi hatulimi, ila sikumzuia. Nilikaa kwenye kigoda nikimsikia anakata magugu. Alipotoka alikuwa amechoka na mikono imetulia. Akanawa, akala, akaniambia niende kulala kwangu, nyumba yake ni ndogo na mimi nakoroma.

Nilikwenda kwake siku zilizofuata, kila siku na sababu ya uongo. Mara chumvi, mara kiberiti. Alijua, akanipa chumvi. Hakunywa.

Mchungaji alipopanga kurudi, mtunza hazina alinipa hela ya chupa ndogo mbili. Ile kubwa bado iko kabatini, anasema haina haraka, haiharibiki. Jumamosi dada alipita kwangu akanikuta nanyoosha vitambaa. Hakuuliza nimenunua divai ipi. Alikuja kuazima viatu vya kwendea kanisani, vyake vilikuwa vimelowa.