Kocha wa Ukuta Aliyelifuta Jina la Orval

Saa moja asubuhi, mwishoni mwa Machi, barafu bado imeng'ang'ania nyasi za uwanja wa chuo cha Tabor Bluff, Nebraska. Kocha Lyle Hruska amepiga magoti, shavu lake karibu liguse ardhi. Anatazama miguu ya vijana wake. Hatazami kitu kingine.

Mbele yake kuna kibanda cha mabomba ya chuma ambacho paa lake halizidi kimo cha kifua. Vijana watano, kila mmoja mzito kama ndama wa kunenepeshwa, wanachuchumaa chini yake. Kocha akipiga kofi, wanachomoka wakiwa wameinama. Anayeinuka mapema hugonga kichwa.

Leo amegonga Halvorsen.

"Halvorsen," anasema kocha bila kunyanyuka, "unatafuta miwani juu ya kabati?"

"Nimekusikia, Kocha," anajibu kijana huku akirekebisha kofia yake. "Hata bomba limenisikia."

Wenzake wanacheka. Hruska hacheki. Ana miaka hamsini na nane, na kazi yake kwa misimu kumi na saba imekuwa hii: kufundisha ukuta. Katika mpira wa Kimarekani, ule wa kubebwa mikononi, ukuta ni watu watano wanaosimama mbele ya mrushaji ili wapinzani wasimfikie kabla hajaurusha mpira. Hawafungi. Hawapigwi picha. Watu wa Tabor Bluff huwakumbuka siku mrushaji amelazwa chali.

Mshahara wa kazi hii haumtoshi, na kila msimu wa mavuno huendesha mashine ya shemeji yake alfajiri kabla ya mazoezi. Hata hivyo kocha mkuu, Gil Stroud, humsifu kwa maneno machache. "Mrushaji mzuri nitampata kila mwaka," anasema Stroud. "Mtu wa kumfanya aonekane mzuri ninaye mmoja." Mwaka juzi mrushaji wa Tabor Bluff aliangushwa mara tisa tu msimu mzima, na hakuna chuo jirani kilichokaribia hesabu hiyo.

Akisifiwa hivyo, Hruska hutazama viatu vyake. Mahojiano haya aliyakataa mara mbili. Alipokubali, aliweka sharti moja: na yale ya Oktoba yaandikwe, kama yalivyokuwa.

Kabla mpira haujaanza kuchezwa, mtu wa katikati wa ukuta hutazama hatari inatokea wapi, kisha huita neno moja. Wakilisikia, wote watano hugeukia kushoto; wasipolisikia, huenda kulia. Kwa miaka mingi neno la Tabor Bluff lilikuwa "Orval", jina la Orval Beranek, kocha wa ukuta aliyemlea Hruska kikazi na kumwachia nafasi.

Mzee Orval alistaafu lakini hakuondoka. Kila siku ya mazoezi alikaa benchi la chini la jukwaa, amevaa buti zake za mpira, na vijana wakiita "Orval!" aliitika kwa sauti nyembamba, "Nipo!" Hawakuacha kucheka, hata waliokwisha kumsikia miaka minne.

Alifariki mwanzoni mwa Oktoba. Mazoezi yaliporudi baada ya mazishi, mtu wa katikati aliita kama kawaida. Benchi la chini lilikuwa kimya.

"Kila walipoita, mimi nilikuwa nasubiri aitike," anasema Hruska. "Sikuweza kuvumilia. Nikatafuta njia ya kuacha kulisikia."

Alhamisi aliwakusanya vijana akawaambia neno limevuja, wapinzani wanalijua. Kuanzia siku hiyo wangeita "Plati", jina la mto wao. Ulikuwa uongo. Hakuna mpinzani aliyelijua neno lile.

Siku hiyo kijana mmoja hakuwepo. Wendell Kubik, aliyesimama mwisho wa ukuta upande wa kushoto, alikuwa na ruhusa ya kumsaidia bibi yake kupanga vitu vya marehemu. Mama wa kijana huyo ni binti wa Orval. Halvorsen aliuliza nani atamwambia Kubik.

"Mwacheni kwangu," alisema kocha.

Alhamisi ndiyo siku ukuta hula chakula cha jioni nyumbani kwa Hruska. Mkewe, Arlene, alikuwa amepika nguruwe na kabichi chachu, na maandazi yenye jamu ya plamu. Kubik alifika amechelewa, ameshika buti za babu yake, amezisafisha mpaka zinang'aa.

"Bibi kasema uzivae wewe, Kocha," alisema.

Hruska alizipokea. Akaziweka nyuma ya mlango.

"Ningemwambiaje?" anauliza sasa. "Kaniletea viatu vya babu yake, na mimi ndiyo kwanza nimetoka kulifuta jina lake."

Akajiambia kesho. Kesho yake walisafiri, na kwenye basi Kubik alilala. Kocha akasema mtoto amechoka, acha alale. Wenzake walidhani kocha ameshamwambia, hawakuligusa tena.

Neno halikuhitajika hadi kipindi cha pili cha mchezo. Mtu wa katikati akaita, "Plati!" Wanne wakageukia kushoto. Kubik, masikio yake yakingoja jina la babu yake, akaenda kulia. Mpinzani akapita pale kama mtu aingiaye kwake. Mrushaji, Desmond Pruitt, hakumwona. Akaangushwa, akavunjika mfupa wa bega, na msimu wake ukaishia hapo.

Baada ya mchezo Hruska aliwekewa vipaza sauti mbele yake. Aliulizwa kilichotokea.

"Kubik alisahau neno," alisema. "Tumelirudia wiki nzima."

Kubik alikuwa nyuma yake, kofia mkononi. Alisikia yote. Hakufungua mdomo, kwa sababu watu wa ukuta hawasemi na waandishi wa habari. Hiyo ilikuwa sheria ya Orval, na aliyemfundisha Kubik sheria hiyo ni Hruska mwenyewe.

Mji ukambatiza jina: Geti. Kwenye kituo cha mafuta watu waliuliza kama leo Geti limefungwa au liko wazi. Kanisani mzee mmoja alimshikia mlango, akamwambia kwamba mlango hushikwa hivi. Novemba kijana aliacha timu, akaenda kufanya kazi kwenye maghala ya mahindi. Waswahili husema usipoziba ufa utajenga ukuta. Ukuta wa Hruska ulibomoka kutokea pale pale kushoto, na Tabor Bluff haikushinda tena.

Buti zilibaki nyuma ya mlango. Arlene ndiye aliyeuliza kwa nini hazivaliwi. Mumewe alimweleza akiwa amesimama, koti hajavua. Arlene alimsikiliza hadi mwisho.

"Wewe ulifiwa na kocha wako, Lyle," alimwambia. "Yule mtoto alifiwa na babu yake, na juu ya msiba ukamtwika kosa lako."

Februari Hruska alikwenda maghalani. Kubik alikuwa anasukuma mahindi kwa koleo na hakusimamisha kazi. Kocha alisema yote: uongo wa neno kuvuja, buti, basi, vipaza sauti. Koleo likatulia.

"Kwa hiyo nilikuwa nasikiliza vizuri?" Kubik aliuliza.

"Ulikuwa unasikiliza vizuri, mwanangu."

Kijana akaendelea kusukuma. "Siku ile ulisema mji mzima unasikia, Kocha," alisema. "Leo tunaosikia ni mimi na panya."

Hiyo ndiyo sababu ya lile sharti la mahojiano. Hruska ameshawaambia Stroud, Pruitt na vijana wote. Stroud anasema hajawahi kukasirishwa hivyo na mtu anayemhitaji hivyo. Lakini Hruska alitaka mji usome.

Hajamwomba Kubik arudi Agosti, mazoezi makubwa yatakapoanza. Anatumaini, hafichi hilo. "Ila huwezi kumwomba kitu uliyemwibia, wakati mali yake bado iko mfukoni mwako," anasema. "Andika hivi: Wendell Kubik hakusahau neno. Hakuambiwa. Wa kumwambia nilikuwa mimi."

Anarudi uwanjani. Asubuhi hii amevaa buti za mpira, na zinambana. Kushoto amesimama mwanafunzi wa mwaka wa kwanza, miguu yake bado haijui iende wapi. Mtu wa katikati anainama, anatazama mbele, anaita neno lililorudishwa.

"Orval!"

Watano wanageukia kushoto. Benchi la chini liko tupu. Hruska anausikiliza ule ukimya wote, mpaka mwisho wake, ndipo anapiga kofi.

"Tena," anasema.