Swali la Harufu ya Gundi

Aliyeniuza si Mswidi. Ni shoga yangu, niliyejificha naye shimoni siku ndege ya jeshi ilipomuua kaka yangu, kwetu Burundi. Kwenye matanga niliapa mbele ya mama kwamba mikono hii haitagusa kitu cha vita. Shoga alikuwa kando yangu, amenishika kiuno.

Alinitangulia Uswidi. Nilipofika na wanangu mtaa wa Alby, yeye alikuwa tayari na kazi kwenye karakana moja mtaa wa Sundbyberg, akanipeleka. Kiswidi sikukijua hata salamu. Msimamizi akauliza swali, shoga akanitafsiria: "Dada, anauliza kama unaogopa harufu ya gundi."

Nikacheka. Mimi niliyepikia kuni mbichi kwenye kambi ya wakimbizi, niogope gundi? Kazi nikapata.

Tulilaza vitambaa vyeusi vya kaboni, tabaka juu ya tabaka, tukavipaka gundi mpaka vikakauka kuwa vigae vigumu vya kunyonya mawimbi ya rada. Shoga aliniambia vigae hivyo vinavishwa vinu vya upepo vya kuzalisha umeme, visije vikachanganya rada za uwanja wa ndege. Nikaamini. Nikasimama kanisani kutoa ushuhuda, nikamshukuru Mungu kwa kazi safi, na yeye ndiye aliyeanza vigelegele. Kweli, kikulacho ki nguoni mwako.

Kiswidi kikaniingia polepole. Siku moja, wakati wa kahawa, msimamizi akawa ananisifu kwa mgeni. "Huyu nilimuuliza kama dhamiri yake inakubali kazi ya ndege za kivita," akasema. "Alicheka tu."

Nikaweka kikombe chini. Nikamuuliza ndege gani. Akanieleza vizuri tu, bila kuficha: ndege ambayo rada ya adui haiioni ikija. Alidhani najua tangu siku ya kwanza.

Kwenye treni nikamwambia shoga, "Ulijua."

"Ungekataa," akasema. "Wanao wangekula nini, kiapo?"

Mwongo mkubwa. Uswidi mtoto halali njaa, na yeye anajua. Niliumia kuliko siku ya matanga, maana ile ndege haikuwahi kuniita dada.

Kazi niliacha wiki ileile. Jumapili mama akapiga simu, ana furaha. Alikuwa ametoka kwenye kaburi la kaka, kumwambia kwamba dada yake anatengeneza vinu vya upepo. Mpaka leo sijapata ulimi wa kumwambia arudi kaburini akamwambie kweli.